Ukuta wa Upande wa Mvua

Kihesa, Iringa
Jumapili, 3 Desemba 1978

Mimi ni mwoga. Bora niliseme mapema, daftari hili lisije likanishangaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa mbwa wa misheni, naogopa gari la jeshi hata likiwa limebeba viazi. Na tangu Didas apande lori na mgambo wenzake kwenda vitani, naogopa hata mtu anayebisha hodi kwa upole. Mwenye habari njema hubisha kwa fujo.

Didas ni mume wangu, fundi baiskeli pale sokoni. Siku wanaondoka, mwezi uliopita, alikuwa anacheka, maana kofia waliyompa ilimwingia mpaka masikioni. Mimi sikucheka. Mama yake naye hakucheka, alikuwa ananitazama mimi badala ya lori.

Sababu ni ukuta. Nyumba yetu ni ya udongo, na kila kiangazi baada ya mavuno naisiriba upya, kisha naichora kwa udongo mwekundu, udongo mweupe wa mtoni, na masizi ya chungu kwa rangi nyeusi. Mama yangu mzazi ndiye aliyenifundisha. Yeye alichora pembe tatu, mama yake alichora pembe tatu, na ukizunguka Kihesa yote utakuta pembe tatu mpaka uchoke. Ni nzuri, sikatai. Lakini mwaka huu nilizitazama nikaona ni kama salamu niliyotumwa nifikishe. Zangu ziko wapi?

Basi nikaanza kutafuta. Nilitaka kila mtu wangu awe na alama yake, isiyo sura, kwa sababu sura siziwezi. Mama mkwe hakunisumbua: nilimchora fundo, lile la ncha ya kanga anakofungia ugoro wake. Chini pembeni nikaweka nukta mbili nyeupe, za wale wawili waliotutoka kabla hatujawapa majina. Hizo hakuna aliyeniuliza.

Didas ndiye aliyenitesa. Nilichora baiskeli, ikawa baiskeli ya mtu yeyote. Nikachora spana, nikachora mkono, nikafuta vyote. Siku moja nikampelekea chakula kazini, nikamkuta ameinamia beseni, amezamisha tyubu majini anatafuta tundu. Mapovu yanapanda, naye ameyakodolea macho, katulia tuli, hata kupumua hapumui. Nikasema moyoni, huyu hapa! Nikarudi nyumbani mbio na chakula chake mkononi, masikini, siku ile alishinda njaa. Nikachora viduara vinne vyeupe vinavyopanda, kila kimoja kikubwa kuliko kilicho chini yake. Cha juu sikukifunga.

"Hiki mbona wazi?" Didas aliniuliza.

"Bado kinapanda."

Alifurahi mtu huyo! Kila mteja aliyepita alimvuta aje aone. Lakini mama yake alisimama mbele ya ukuta na jembe begani, akasema, "Ni Didas huyo? Mtu hachorwi, Kalista. Ukimchora unamtoa nje." Tukamcheka. Haukupita mwezi vita vikaanza, na jina la Didas likaitwa.

Na mimi kwa majivuno yangu nilimchora ukuta wa mbele, unaotazama njia, ili watu waone. Ndio ukuta unaopigwa na mvua.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua kubwa. Viduara vipo vyote.

Jumatatu, 11 Desemba

Jirani yangu Mwanakhamisi ana kazi mbili: kudarizi kofia na kuchunguza mambo ya watu. Mumewe, Selemani, ana duka hapa karibu. Ni watu wa asili ya pwani, babu zao walifika Iringa na biashara wakanogewa na baridi. Leo kaja na kofia yake na sindano, kasimama mbele ya ukuta, kashika kiuno.

"Shoga, ukuta huu umekuwa maongezi ya familia. Sisi wapita njia hatumo?"

Nikamwambia nitamchora.

"Toba! Usinitie huko mimi, ninyeshewe bure." Akaondoka. Alipofika njiani akageuka. "Lakini ukinichora, usinisahaulie mwanya wangu."

Ana mwanya wa kujivunia kweli. Nilichora mistari miwili myeusi, kati yake nyekundu. Tangu saa hiyo amekuwa akipita na visingizio: mara chumvi, mara kibiriti, na duka ni lake!

Jioni tunakwenda kusikiliza taarifa ya habari dukani kwao. Redio inasema majeshi yetu yanasonga mbele. Haimtaji mtu.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Nimetoka kanisani nikakuta matone ya mchirizi yamekuwa yakiruka kutoka chini na kuumega ukuta miguuni. Kiduara cha kwanza, kile kidogo, kimeliwa nusu.

Nilisimama pale na gauni langu la sikukuu. Watu wanapita, "Krismasi njema!" nami naitikia. Mtaa wa pili wamepata habari juzi: kijana wao hatarudi. Najua kiduara ni udongo tu. Nimeuchota mwenyewe kwa mikono hii. Mbona basi nashindwa kula?

Jumanne, 2 Januari 1979

Mvua. Hakuna barua.

Jumanne, 9 Januari

Nimekitengeneza kiduara cha kwanza. Udongo haukauki masika, ulilegea ukashuka, ukawa kama chozi. Nikafuta nikaanza upya. Umelegea tena. Rangi yenyewe imekataa: udongo mweupe wa sasa ni wa kijivu, umechanganyika na tope, na kando ya vile vitatu kinaonekana kigonjwa.

Nimejifunza ujinga mpya. Ninapoamka najiambia, kikiwa bado kipo, naye yupo. Kisha natoka kutazama. Kisha naona aibu. Kesho yake narudia.

Jumamosi, 20 Januari

Leo nimemkamata mama mkwe.

Nilidhani anauchukia ule ukuta. Tangu Didas aondoke hajautaja ila kwa kuguna. Asubuhi nimetoka mapema kuliko kawaida, nikamkuta amesimama karibu kabisa, amejitanda, kidole chake kimoja kiko juu ya kiduara cha juu, kile kilicho wazi. Anakizungusha taratibu. Midomo inacheza. Nikasikia, "Kamwene, mwanangu. Umelalaje?"

Nikarudi ndani kinyumenyume. Nilipotoka tena nikiwa nimepiga kelele na ndoo kusudi ajue naja, alikuwa ameshaanza kufagia, na akanifokea kwamba nalala kama bibi harusi.

Namwogopa mama huyu kwa miaka sita sasa. Leo nimemwonea huruma mpaka nikashindwa kuiweka mahali.

Alhamisi, 1 Februari

Mvua.

Jumapili, 4 Februari

Mvua. Mama amemsalimia. Nimejifanya nimelala.

Jumamosi, 17 Februari

Balozi wetu wa nyumba kumi, Fanueli, amepita kila mlango na onyo. Ananuka ulanzi, pombe ya mianzi, maana ndio msimu wake, lakini maneno yalikuwa makavu.

"Ndugu zangu, nchi iko vitani. Mtu asieneze habari ambazo hazijaletwa na serikali. Ukisema askari fulani kafa, na hujaletewa habari, wewe ni adui sawa na nduli aliyetuvamia. Nitakupeleka mwenyewe."

Alipoondoka Mwanakhamisi akamwigiza, mpaka kupepesuka kwake. Akaona sicheki. "Kalista, wewe unaogopa nini? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Nyumba yako ya waoga, itakwenda vicheko tu."

"Aliyekwenda ni Didas, si mimi."

Ni mara ya kwanza namwona ameacha utani. Alinishika mkono, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 3 Machi

Kiduara cha kwanza hakipo kabisa. Cha pili kimebaki alama kama ya kikombe juu ya meza. Niliegesha gunia ukutani kuzuia matone, gunia likalowa, likang'oa udongo mwingine. Wapita njia wanauliza nimeficha nini. Nukta mbili za chini zilikwenda zamani, hizo nilikuwa sina hata moyo wa kuziandika.

Nimesema na Didas leo mbele ya ukuta, kwa sauti. Nimemwambia avumilie mpaka mvua ziishe. Kisha nikatazama nyuma kama kuna mtu.

Jumatano, 14 Machi

Naandika haraka, atakayesoma anisamehe. Sijui hata kama kesho nitakuwa hapa au kituoni.

Ilinyesha kuanzia jana jioni bila kupumzika. Asubuhi mama alikwenda shamba la bondeni kutazama mahindi yaliyolala. Nilipofungua mlango niliona kiduara cha tatu kimeshuka chote. Hakikumeguka, kimeteremka, mstari mrefu mweupe mpaka chini, ukipita juu ya fundo la mama na kulichafua. Kilibaki kile cha juu peke yake, kilicho wazi, na kwenye mdomo wake tone limeanza kuvimba.

Sikuweza. Nasema kweli, sikuweza kusimama pale nimtazame anakwenda kipande kipande. Nilisema, kama ni kufutika, atafutwa na mimi ninayempenda, si mvua. Nikachukua jembe nikakwangua. Nikakwangua cha juu, fundo la mama, mwanya wa Mwanakhamisi, kila kitu. Mvua ilikuwa imekatika. Nikakanda udongo mwekundu na samadi, nikausiriba ukuta wote wa mbele kwa viganja, toka kona hadi kona, mpaka ukawa laini. Hakuna mtu ndani yake. Hakuna cha kuliwa. Jamani, nilipata raha! Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nilivuta pumzi ikafika chini. Nadhani nilikuwa hata naimba.

Na katika raha hiyo nikasahau jambo ambalo mtoto wa hapa analijua. Nyumba husiribwa kiangazi. Masika hakuna mwanamke anayegusa ukuta wa mbele, ila kama nyumba imepata msiba, nao wanawake wanausiriba haraka kabla wageni wa matanga hawajafika.

Mama mmoja alikuwa anapita na kuni. Simjui vizuri, anakaa kule juu. Aliuona ukuta mbichi, akaniona na udongo mpaka viwikoni, na anajua mume wangu yuko wapi. Alitua mzigo wake polepole. Akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

Nikamuuliza, "Kuna nini, mama?" Badala ya kunijibu akanikumbatia. Na hapo ndipo nilipokosea kabisa. Tangu Novemba hakuna aliyenikumbatia. Mwili wangu ulikubali kabla yangu, nikalia. Nililia kwa sauti, begani kwake, kwa miezi yote ile. Na mke wa askari akilia mbele ya ukuta mbichi, nani atauliza zaidi?

Walikuja kama wameitwa na kengele. Walikuja na kanga vichwani, na unga kwenye ungo, na maharage, na sufuria kubwa. Nilipopata akili nikaanza kusema, "Hapana, hakuna kitu, sijaletewa habari yoyote." Wakaniketisha chini. "Pole, mwanangu. Ndivyo tunavyosema wote mwanzoni." Nikasema tena. Mmoja akanifunga kanga kiunoni, mwingine akanipa maji. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kulia.

Kisha mama mkwe akatokea njiani.

Alikuwa amezisikia sauti toka bondeni. Alikuja bila jembe, bila viatu, tope mpaka magotini, wala hakukimbia. Alitembea moja kwa moja mpaka ukutani. Akaunyoosha mkono, akatafuta mahali pake kwa kidole, huku na huku, juu, chini, kwenye udongo mbichi. Hakupata. Akaanguka.

Nilipiga kelele, "Mama, hajafa! Mama, ni mimi, nimefuta mimi!" Katika vilio vile nani angesikia? Walimbeba ndani. Nilipopenya nikakuta wembe wa msiba umeshatoka, nusu ya nywele zake ziko chini. Macho yake yako wazi, hasemi.

Aliyetuokoa ni Mwanakhamisi. Aliingia, akanitazama usoni, akawatazama wengine. Akauliza, "Nani kaleta habari?"

"Hakuna," nikajibu.

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu aliyeleta. Nilisiriba tu. Mvua ilikuwa inamla."

Alinitazama, na nikajua ameelewa, kwa sababu hata yeye alikuwamo ukutani. Alitoka kizingitini akapiga kofi mlangoni. "Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Hapa hakuna maiti! Mnamlilia mtu mzima!"

Vilio vikakatika. Wanawake walinitazama, mmoja mmoja, wakiokota kanga zao. Yule wa kuni alirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga kitu.

Alhamisi, 15 Machi

Balozi Fanueli amekuja asubuhi, safari hii hanuki kitu.

"Ndugu Kalista, nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Mtaa mzima umelala na msiba wa askari aliye hai. Wakiuliza juu nitajibu nini?"

Nilikuwa tayari nimeweka kanga na mswaki kwenye mfuko. Aliuona mfuko. Akasema badala ya kunipeleka ofisini, nitakwenda naye mlango kwa mlango niseme kwa mdomo wangu kwamba Didas hajafa.

Tukaenda. Ilikuwa inanyesha manyunyu. Kila mlango: "Kamwene. Mume wangu hajafa. Nilikosea, mnisamehe." Wengine walinisamehe. Wengine waliwavuta watoto ndani. Nilitaka kuwarudishia unga wao, wakakataa wote. Unga wa msiba haurudi ulikotoka. Bibi mmoja alisema kwa upole tu, bila ubaya wowote, "Lisemwalo lipo, mwanangu, na kama halipo laja."

Sentensi hiyo nimerudi nayo kichwani, na usiku huu nitalala nayo.

Jumapili, 25 Machi

Unga uko pembeni ya jiko, kwenye debe. Hakuna anayeugusa. Mama hasemi nami. Kichwa chake kimeanza kuota mvi fupi.

Ijumaa, 30 Machi

Mama amesema. Tulikuwa tunapukuchua maharage, yeye hakuinua macho.

"Kila asubuhi nilikuwa namsalimia pale."

"Najua, Mama."

"Ulijua? Ulijua, na ukafuta."

Nikamwambia niliogopa. Akasema, "Wewe unamwogopea. Mimi sasa namwogopa yeye. Mtu aliyeliliwa akiwa mzima, akirudi, anarudi na nini?"

Tukamaliza maharage. Huyu mama nilidhani hana woga, ndiyo maana nilimwogopa. Kumbe alikuwa na woga mkubwa kuliko wangu, ila hakuwahi kuutoa nje ukachekwa.

Alhamisi, 12 Aprili

Redio imesema mji mkuu wa nduli umetekwa. Mtaa mzima umecheza. Selemani amegawa peremende bure, Mwanakhamisi amepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Walinivuta nami nikacheza, nikimtazama kila mwanamume anayepita na gwanda.

Ukuta umekauka nyufa. Mwanakhamisi kaniuliza lini nitachora. Nikamwambia mkono umekufa. Hakunitania.

Jumapili, 6 Mei

Hodi ya upole.

Nilikuwa nachambua mchele. Nilisikia, nikaendelea kuchambua, nikasema moyoni, nikimaliza ungo huu. Mama ndiye aliyefungua. Kijana mwembamba, gongo la kutembelea kwapani, mfuko wa jeshi begani. Alisema jina lake ni Antoni, alikuwa kikosi kimoja na Didas, anakwenda kwao Mafinga.

"Didas mzima," akasema haraka, kabla hajaketi. Nadhani alizoea nyuso kama zetu. "Mzima kabisa. Yuko hospitali. Atarudi mwezi wa sita." Akaketi, akashika gongo lake kwa mikono miwili. "Ila macho, mama. Bomu lilikuwa limetegwa njiani. Moja halipo. La pili linaona mwanga tu, kama mtu aliye nyuma ya pazia."

Mama alishika kichwa chake chenye mvi fupi. Mimi niliuliza swali moja tu, na nilijua sipaswi kuliuliza.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Tarehe siikumbuki, shemeji. Mvua zilikuwa kubwa."

Mwezi wa tatu. Nilitoka nje nikasimama mbele ya ukuta.

Nilipoingia, mama alikuwa amelifungua lile debe, anachota unga wa msiba kumsongea mgeni ugali. Alikuwa analia na kusonga, mwiko hausimami. "Kula, baba," akamwambia Antoni. "Kula wote."

Jumatano, 16 Mei

Mvua zimekwisha. Ningetoa chochote nijue tarehe. Ningetoa chochote nisiijue.

Jumapili, 27 Mei

Nimempikia mama uji, nimesahau sukari, amekunywa bila neno. Tumekuwa kama wezi wawili walioiba pamoja.

Jumamosi, 9 Juni

Ameletwa leo kwa gari. Baridi kali, upepo. Wanaume walimshusha, akasimama, amekonda, miwani myeusi, mkono mmoja mbele yake hewani. Watu wa mtaa walisimama mbali. Wote walikuwa wamemlilia huyu mtu. Hakuna aliyejua asalimie vipi.

Mama alitoka na bakuli la maji. Alisimama mbele yake, hatua chache, hakusogea zaidi. Akachota maji mdomoni, akampulizia usoni na kifuani, kama tunavyombariki mtoto. Didas alishtuka, akalamba midomo, akasema, "Mama, bado unavuta ugoro."

Mama alimwangukia shingoni. Mtaa mzima ulicheka na kulia. Mimi nilisubiri zamu yangu, na ilipofika alinishika bega, akanipapasa kama anayetafuta kitasa cha mlango. Akasema "Kalista?" kama mtu anayeuliza.

Jumatano, 13 Juni

Anashinda ndani. Anaogopa nje, Didas aliyekuwa hasemi na kuku bila kumtania! Vyuma vyake vya kazi nimevifunga kwenye gunia nikaviweka chini ya kitanda. Kila nikimpa kitu mkononi anakishika muda mrefu. Mimi naongea bila kunyamaza, habari za mahindi, za Selemani, za bei ya mafuta ya taa, ili asipate nafasi ya kuuliza.

Jumapili, 17 Juni

Ameuliza.

Baada ya kanisa alisema anataka jua. Nikamtoa, nikamkalisha nje, mgongo ukutani. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Didas akageuka, akaweka kiganja ukutani. Akakipeleka kushoto, akakirudisha. Juu, chini. Vile vile kama mama yake alivyofanya siku ile. Mama akainuka akaingia ndani.

"Nipeleke kwenye alama yangu," akasema. "Kule hospitali nilikuwa nawaambia wenzangu, mimi nimo kwenye ukuta. Walidhani homa."

Nilikuwa na uwongo tayari. Nilikuwa nimeutengeneza tangu Mei: mvua, Didas, si unajua mvua za mwaka huu. Kila mtu angeniunga mkono. Nikafungua mdomo, nikasema,

"Nilikufuta."

Kiganja chake kilisimama.

"Mvua ilikuwa inakumega. Kila siku kidogo. Sikuweza kutazama, nikakufuta mwenyewe, nikasiriba. Watu wakadhani umekufa, wakaja wakakulilia, mama akanyolewa. Ulililiwa, Didas, uko hai."

"Lini?"

"Machi. Tarehe kumi na nne."

Nilimtazama mdomo wake, kwa sababu miwani haisemi. Nilisubiri aseme tarehe yake. Kuku alipita. Mwanakhamisi alitokea njiani, akatuona, akageuza njia. Mimi nilikuwa nimeshika udongo wa chini kwa vidole kama mtu anayeogopa kuanguka, na nimekaa chini!

"Siulizi tarehe yangu," akasema mwisho. "Na wewe usiulize."

"Siulizi."

"Kwa sababu mimi nami nimekufuta." Akakohoa. "Kule kitandani nilikuwa nakuchora kila siku. Nikipata macho napoteza mdomo. Nikipata mdomo, nywele hazipo. Tangu Aprili sikupati kabisa, Kalista. Nina sauti tu. Nimerudi nyumbani naogopa kwamba nitaishi na mtu nisiyemjua sura, na sikutaka ujue."

Ndiyo sababu alikuwa hatoki. Mimi nilidhani ananichunguza.

Nilimsogelea, magoti kwa magoti. Nikaivua miwani yake, hakunizuia. Nikaichukua mikono yake nikaiweka usoni kwangu. Ilikuwa ya baridi, inanuka dawa ya hospitali, na bado ina sugu za spana. Alianzia kwenye paji la uso. Akashuka polepole, katulia tuli, hata kupumua hapumui. Mimi nami nilizuia pumzi, machozi yakashuka yakapita katikati ya vidole vyake, akayafuata mpaka kidevuni, akarudi.

Alipofika puani alisimama.

"Hii nilikuwa nimeiweka ndefu," akasema.

Nikamwambia aifute, aanze tena.